Manowari za Enzi ya Victoria na Meli Zilizozama: Anza na Ajali Moja

Neno manowari tulilitwaa vinywani mwa mabaharia wa Kiingereza, tukalilainisha, likawa letu. Ila vitabu vinavyozisimulia manowari hizo, hasa za miaka ya Malkia Victoria (1837 hadi 1901), wengi wetu tunaviogopa. Ni vinene, vimejaa tani na mizinga, na mwandishi hudhani msomaji amezaliwa Portsmouth. Mtu huanza na historia nzima ya Jeshi la Majini la Uingereza, akifika ukurasa wa arobaini anakiegemeza kitabu dirishani na hakishiki tena.

Ushauri wangu ni kuuacha ule mlango mkubwa. Ingia kwa ajali moja.

Meli iliyomaliza umri wake salama huacha urefu, upana, idadi ya mizinga na mwaka ilipouzwa chuma chakavu. Meli iliyozama huacha watu waliokula kiapo. Katika jeshi lile, manowari ikipotea, nahodha aliyenusurika alisimama mbele ya mahakama ya kijeshi hata kama kila mtu alijua hana kosa. Nahodha akifa, waliitwa walionusurika. Injinia anaulizwa, mpiga makaa anaulizwa, kijana aliyetokea dirishani anaulizwa. Humo ndimo utakamojifunza namna meli ilivyofanya kazi, kwa maneno ya watu waliokuwa ndani yake.

Hatua ya kwanza: chagua ajali yako

Usichague kwa umaarufu. Chagua kwa swali linalokuwasha.

Ukipenda ufundi, chukua HMS Captain (HMS ni alama ya meli ya jeshi la Malkia). Hii ndiyo ninayompa kila anayeniuliza, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Mwaka 1860 Waingereza walikuwa wameshusha majini HMS Warrior, meli ya chuma yenye deraya (ngao ya mabamba ya chuma) ya inchi nne na nusu, wakijibu La Gloire ya Wafaransa ya 1859. Baada ya hapo kila mtu akawa na wazo lake la manowari ijayo. Afisa mmoja, Cowper Coles, alitaka mizinga ikae ndani ya minara inayozunguka, na ili minara ipate nafasi ya kupiga, ubavu wa meli ukae chini karibu na maji. Mhandisi mkuu wa jeshi, Edward Reed, alikataa: meli yenye ubavu mfupi hivyo isibebe milingoti na matanga kamili. Magazeti na Bunge wakamuunga mkono Coles. Meli ikajengwa kwenye karakana ya Laird, ikatoka nzito kuliko michoro, na ubavu uliokusudiwa kuwa futi 8 juu ya maji ukabaki kama futi 6 na nusu. HMS Monarch, meli ya minara iliyochorwa na Reed mwenyewe, ilikuwa na futi 14.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, karibu na rasi ya Finisterre, dhoruba ikailaza Captain ubavu na haikuinuka tena. Walikufa watu zaidi ya 470, Coles mwenyewe akiwemo. Wakapona 18. Mahakama ikasema wazi kwamba meli ile ilijengwa kwa kufuata maoni ya umma na Bunge dhidi ya ushauri wa wataalamu wa jeshi. Ni nadra mahakama ya kijeshi kunyoosha kidole namna hiyo, na ndiyo sababu vitabu juu yake havijaisha hadi leo.

Ukipenda tabia za watu na amri, chukua HMS Victoria, iliyogongwa na meli ya kikosi chake yenyewe, HMS Camperdown, mbele ya Tripoli ya Lebanoni tarehe 22 Juni 1893. Ukitaka hali ya hewa, ipo HMS Eurydice, meli ya mafunzo iliyokumbwa na kimbunga cha theluji karibu na kisiwa cha Wight mwezi Machi 1878. Kati ya watu zaidi ya 300 walitoka hai wawili tu. Kwa meli ya abiria, soma Royal Charter ya Oktoba 1859, iliyotoka Australia na dhahabu ikapasukia Anglesey na watu kama 450. Ni msiba uliomsukuma Robert FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa, kuanzisha maonyo ya dhoruba kwa mabaharia, na Charles Dickens alifika pale ufukweni akauandikia.

Moja tu. Nyingine zitakujia zenyewe.

Hatua ya pili: andaa maneno kabla ya kitabu

Hapa Mswahili wa pwani ana mtaji asioujua. Omo, tezi, mkuku, foromali, mlingoti, ngama, dasturi, joshi (upande upepo unakotoka) na demani (upande unakoelekea): maneno haya yanatosha kukuvusha nusu ya kitabu chochote cha enzi hiyo, kwa sababu manowari za miaka ya 1860 na 1870 bado zilikuwa na matanga juu ya injini zao. Ukisoma kwamba meli "ililalia demani", umeshaelewa upepo unatoka wapi na maji yanaingilia upande gani. Kama wewe ni wa bara na maneno haya ni mageni, tafuta mchoro wa jahazi kwanza, ukae nao jioni moja. Usione haya. Hata Waingereza wa leo huyatafuta ya kwao kwenye kamusi.

Kamusi ya kutafutia upande wa Kiingereza ni The Sailor's Word-Book ya W. H. Smyth, ya 1867, inayopatikana bure. Imeandikwa na admirali kwa lugha ya wakati uleule, kwa hiyo haikupi maana ya leo kwa neno la jana. Upande wetu, kamusi ya Krapf ya 1882 ni ya umri mmoja na manowari hizi.

Ongeza maneno manne ya mashine: boila, rafadha, deraya, na mnara wa mzinga. Na moja la ofisini: batli, kitabu ambamo kila saa ya meli iliandikwa, upepo, mwendo, makaa yaliyotumika, nani amechapwa na nani amekufa. Batli tutairudia.

Hatua ya tatu: usidanganywe na namba

Kuna mitego mitatu, na yote mitatu imewahi kuninasa.

Wa kwanza ni tani. Vitabu vya kabla ya miaka ya 1870 aghlabu hutaja tani za kupimia mjengo, hesabu ya zamani ya urefu na upana. Baadaye zinatajwa tani za maji ambayo meli inayasukuma pembeni, yaani uzito wake halisi. Meli ileile inaweza kuonekana imenenepa karibu mara mbili kati ya kitabu na kitabu, na haikuongezwa hata msumari.

Wa pili ni nguvu ya injini. Warrior iliandikiwa nguvu farasi 1,250, na kwenye majaribio ikatoa zaidi ya 5,000. Namba ya kwanza ni ya kibiashara, ilikokotolewa kwa ukubwa wa mitungi ya injini. Ya pili ilipimwa. Na mizinga vilevile: mmoja huitwa kwa uzito wa risasi yake, mwingine kwa upana wa mdomo, mwingine kwa uzito wa mzinga wenyewe. Victoria ilibeba mizinga miwili ya inchi 16 na robo, kila mmoja kama tani 110. Utakuta kitabu kimoja kinataja inchi, kingine tani, ukadhani ni silaha mbili tofauti.

Wa tatu ndio mbaya zaidi: majina hurithiwa. Ilikuwapo HMS Victoria ya mbao ya 1859, yenye sitaha tatu za mizinga, na ile ya chuma iliyoshushwa 1887. Kila unapoandika jina la meli katika daftari lako, weka mwaka wa kushushwa majini pembeni. Mwaka wa kushushwa, si wa kuanza kazi; vitabu huvichanganya hivi viwili, na kati yake hupita mwaka au miaka.

Hatua ya nne: jua unasoma rafu ipi

Rafu ya kwanza ni ya waliokuwepo: kumbukumbu za maofisa, ripoti, mashahidi. Ina harufu ya makaa na ina majivuno yake. William Gilly alikusanya ajali za jeshi la majini za 1793 hadi 1849 katika kitabu cha 1850. Kinasomeka vizuri, ingawa kila nahodha aliyekufa humo amekufa kishujaa. Edward Reed naye alichapisha Our Iron-Clad Ships mwaka 1869, mwaka mmoja kabla ya Captain kuzama. Kisome ukijua kinachokuja, utaona nywele zikisimama.

Rafu ya pili ni ya marejeo, vitabu vya kufungua na kufunga. William Laird Clowes na wenzake waliandika historia ya jeshi lile katika juzuu saba, 1897 hadi 1903. Juzuu ya sita na ya saba ndizo za enzi yetu. Kwa meli mojamoja, J. J. Colledge ndiye orodha, na juzuu ya Conway ya 1860 hadi 1905 ndiyo picha na vipimo. Hakuna anayevisoma hivi kuanzia mwanzo hadi mwisho, nawe usijaribu.

Rafu ya tatu ni ya wanahistoria wa karibuni, walioingia kwenye nyaraka ambazo wale wa zamani hawakuziona au hawakutaka kuziona. Kwa meli ya Victoria, kitabu cha Andrew Gordon, The Rules of the Game (1996), kinahusu vita vya Jutland vya 1916, lakini sura zake juu ya Admirali Tryon, aliyekiongoza kikosi kile, na utii katika jeshi la Malkia ni bora kuliko vitabu vizima.

Nisomavyo mimi, naanza rafu ya tatu ili nipate njia, narudi ya kwanza ili nisikie sauti, na ya pili iko mezani muda wote. Wapo wanaoanza na waliokuwepo. Wanafurahi sana, na wanaamini mengi mno.

Hatua ya tano: pata vitabu bila kufilisika

Vitabu vyote vya karne ya 19 nilivyotaja havina tena hakimiliki. Internet Archive na Project Gutenberg ndiyo maktaba zako. Kabla ya kupakua, angalia aina ya faili: picha za kurasa zinaweza kumeza kifurushi chako cha wiki, wakati maandishi matupu ya kitabu hichohicho ni mepesi kama wimbo mmoja. Pakua maandishi ili utafute maneno, kisha ufungue picha za kurasa zile tu unazozihitaji. Maandishi hayo yalisomwa na mashine, kwa hiyo namba hukosewa. Usinukuu takwimu kabla hujaiona kwenye picha ya ukurasa.

Unapotafuta mahali, tafuta kwa tahajia yao. Lamu utaipata kama Lamoo, Kilwa kama Quiloa au Keelwa, Barawa kama Brava, Nzwani kama Johanna. Nimewahi kumaliza saa mbili nikitafuta Nzwani katika kitabu kilichoitaja karibu kila sura.

Kununua chapa mpya za vitabu hivi ni kamari. Wachapaji wengi huchukua faili ileile ya bure na kuitia jalada zuri. Niliwahi kuagiza kimoja, nikalipia usafiri ghali kuliko kitabu, kikaja bila mchoro hata mmoja, na ramani ya kukunjua ilikuwa imepigwa picha ikiwa imekunjwa. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: michoro mingapi, ramani imefunguliwa, kurasa ni ngapi. Idadi ilinganishe na nakala ya mtandaoni. Asipojibu, achana naye. Pesa yako iweke kwa vitabu vya rafu ya tatu, ambavyo haviko bure.

Hatua ya sita: soma kesi kwa penseli

Sasa chukua ushahidi wa mahakama. Usiusome kama hadithi, utachoka. Maswali yanarudiwa na nusu ya majibu ni "sikuona".

Chora mstari wa saa pembeni mwa karatasi na kila shahidi mpe safu yake. Andika alikuwa wapi ndani ya meli kabla ya kuandika alichokiona. Mtu wa kwenye boila na mtu wa kwenye mlingoti walizama na meli mbili tofauti, kwa namna fulani. Wanapopingana, mara nyingi hakuna mwongo. Ni sitaha tatu kati yao.

Kwa Victoria tumia karatasi ya hesabu yenye miraba. Mraba mmoja uwe kebo moja, kipimo cha bahari cha kama mita 185. Tryon alipanga meli zake safu mbili, umbali wa kebo 6, akaamuru safu zigeukie ndani kuelekeana hadi zitazame zilikotoka. Weka nukta mbili, miraba sita kati yake. Kila meli ilihitaji kama kebo 4 kugeuka nusu duara. Chora nusu duara yenye upana wa miraba minne kutoka kila nukta, ukielekea ndani. Mkono wako utasimama wenyewe. Nne na nne ni nane, na nafasi ni sita. Maofisa wake waliliona hilo. Mmoja alimwambia inatakiwa nane, akakubali, kisha ishara ikapandishwa ya sita. Markham, admirali aliyeongoza safu ya pili kwenye Camperdown, alisita, akaulizwa kwa ishara anangoja nini, akageuka. Victoria ilizama ndani ya dakika kama 13 na watu 358, Tryon mmojawao. Kesi ilisikilizwa Malta, na mshitakiwa alikuwa nahodha wa meli, Maurice Bourke, aliyeachiwa huru.

Ukishachora ndipo swali la kweli linapokuja, nalo si la hesabu: kwa nini watu wote waliojua hesabu ile waligeuza usukani? Rudi kwa mashahidi na penseli nyingine.

Captain nayo ina mchoro wake. Chora mistari miwili ya uwezo wa meli kujiinua inapolala ubavu. Wa Monarch unapanda hadi meli ilale digrii 40 ndipo uanze kushuka. Wa Captain unafika kileleni digrii 21. Hesabu hizo zilifanywa kutokana na jaribio la Julai 1870. Zilipokamilika meli ilikuwa imeshaondoka.

Hatua ya saba: pima kila idadi mara mbili

Chukua HMS Birkenhead, iliyopanda mwamba Danger Point, Afrika Kusini, tarehe 26 Februari 1852 ikiwa imebeba askari. Idadi ya waliokuwemo haifanani kati ya vitabu, kwa kuwa orodha zilizama na meli. Waliopona wanatajwa kuwa kama 193 kati ya watu karibu 640. Hadithi yake maarufu ni ya askari waliosimama mstari huku wanawake na watoto wakitolewa kwanza. Wanawake na watoto walitoka kweli. Lakini vitabu vingi hukimbilia mstari ule wa askari na kuruka jambo la fundi: kuta za kuzuia maji ndani ya meli zilikuwa zimetobolewa matundu makubwa ili askari wapate nafasi. Ukikuta kitabu chenye sura nzima ya ushujaa na hakina sentensi moja ya kuta hizo, umejua umeshika kitabu gani.

Kwa meli za biashara, kipimo kingine kizuri ni Samuel Plimsoll, aliyepigania alama ya mwisho wa kupakia. Kitabu cha juujuu kitakwambia sheria ya 1876 ilimaliza kazi. Kilicho makini kitaongeza kwamba mahali pa kuchora alama paliachiwa mwenye meli hadi 1890.

Hatua ya nane: rafu ya nyumbani

Ukishazoea, rudi kwenye maji yetu. Mwaka 1873 vilitoka London vitabu viwili vya maofisa waliowinda majahazi ya watumwa: Dhow Chasing in Zanzibar Waters cha George Sulivan, aliyeongoza HMS Daphne, na Slave-Catching in the Indian Ocean cha Philip Colomb wa HMS Dryad. Ni mwaka uleule ambao Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Visome pamoja, sura kwa sura. Sulivan ana hasira, Colomb ana mashaka, na tofauti hiyo ina faida kuliko kila kimoja peke yake.

Kuwa na swali moja mkononi muda wote: jahazi hili lilichomwa kwa ushahidi gani? Mabaharia wale walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyeokolewa na kwa tani za chombo kilichokamatwa, na malalamiko ya majahazi ya biashara halali yaliyoteketezwa yamo katika barua za wakati ule. Walioachiwa huru walikuwa watu kweli, na waliochomewa vyombo bila hatia nao walikuwa watu kweli. Nahodha wa jahazi hakuandika kitabu. Pia angalia mabaharia wa pwani na wakalimani waliokuwa ndani ya manowari zenyewe. Maofisa huwataja kwa jina moja tu, lakini huwataja.

Kutoka hapo nenda kwa HMS London, meli kuukuu ya 1840 iliyokaa bandarini Unguja kama kituo kutoka 1874 hadi 1883. Nahodha wake Charles Brownrigg aliuawa akipambana na jahazi karibu na Pemba, Desemba 1881. Batli za meli kama hizi ziko hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, kundi la ADM 53. Barua za jeshi na kesi ziko ADM 1, na za biashara ya watumwa ziko FO 84. Katalogi unaitafuta bure mtandaoni hata kama karatasi zenyewe hujazifikia, na ukishajua namba ya jalada, ndugu au rafiki aliyeko Uingereza anaweza kukupigia picha.

Mwisho kuna Glasgow, na hapa utaratibu wangu wote unavunjika. Barghash aliiagiza Scotland kwa karakana ya Denny, ikashushwa 1878, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilohilo. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu ilipopita na Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, hakutoka kasri, meli za Admirali Rawson wa Uingereza zilianza kupiga, na Glasgow ikazamishwa bandarini. Vita vyenyewe vinaandikwa dakika 38, kwingine 40, kwingine 45. Mwenye namba muulize anaanza kuhesabu kwa mzinga upi na anaishia kwa bendera ipi. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza majini kwa miaka, iko kwenye picha nyingi za zamani za Forodhani.

Lakini haikuwa meli ya Malkia, kwa hiyo ile mahakama haikuihusu. Serahangi wake, msimamizi wa mabaharia, hakuulizwa alikuwa sitaha gani. Kwa hiyo anza na batli za waliopiga, St George, Thrush, Racoon, Sparrow na Philomel, uzilinganishe saa kwa saa kama ulivyofanya kwa mashahidi. Safu ya Glasgow ichore vilevile katika karatasi hiyo, hata ikiwa bado tupu, kisha uende Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, ukaone nini kinaweza kuingia ndani yake.